Simsim Hachezi Mugithi

Soja wa ploti ndiye aliyemtangaza kuwa mchezaji. Kila asubuhi Simsim akishuka ngazi na kukata uwanja kuelekea getini, huenda sawa hatua chache, kisha mguu wa nyuma wa kushoto unakunjika, anauning'iniza, anarukaruka kwa ile mitatu iliyobaki, halafu anautupa nyuma mara moja na kuendelea na safari. "Cheki mugithi!" soja husema, akimaanisha ile ngoma ya Wakikuyu, na watoto wanaongojea basi la shule hupiga makofi.

Simsim ni Maltese, jike, mweupe, kilo 3 na ushei. Ni wa Shangazi, au tuseme ni wa binti ya Shangazi, aliyekwenda Kanada kusomea uuguzi akamwacha Donholm "kwa muda mfupi tu, Mum". Kwa mbwa wa Nairobi hilo si jambo geni. Ziko fleti nyingi mjini hapa ambamo mwalimu mstaafu aliyelelewa na mbwa wa kufukuza fisi sasa anamchana nywele mbwa anayetoshea kwenye kiondo.

Siku tuliyompeleka kuchanjwa kichaa cha mbwa, daktari aliomba tumweke sakafuni kwanza. Simsim akavuka chumba, akapiga mugithi yake. Daktari hakucheka.

"Huyu hachezi," akasema.

Maneno mawili tu, na yamenikaa kichwani kwa wiki kadhaa.

Pia ya goti

Alimlaza ubavu, akashika goti kwa vidole viwili, akaunyoosha mguu polepole. Nikaona kwenye vidole vyake kitu kikiteleza kwenda upande wa ndani, kisha kikirudi. Akanishika mkono ili nami niguse.

Pia ya goti hukaa kwenye mfereji ulio mwisho wa mfupa wa paja, ikipanda na kushuka goti linapokunjwa na kukunjuliwa. Kwa mbwa wengi wadogo mfereji huo hauna kina, na mguu wenyewe umepinda kidogo tangu ukuaji wake, kwa hiyo pia huponyoka, mara nyingi kwa upande wa ndani. Ikishaponyoka, goti halinyooki. Mbwa anainua mguu, anaruka hatua mbili tatu mpaka misuli ilegee, pia inarudi mahali pake, naye anatembea kama vile hakuna kilichotokea. Hiyo ndiyo mugithi yote.

Madaktari hulipima tatizo hili kwa daraja 1 hadi 4. Kwenye daraja la 1 pia hutoka ikisukumwa na kurudi yenyewe. Kwenye la 4 imehamia nje ya mfereji moja kwa moja na huwezi kuirudisha kwa mkono. Simsim yuko daraja la 2: inatoka yenyewe, inarudi yenyewe.

"Kwani anaumwa?" Shangazi akauliza.

"Saa nyingine, Mama. Na saa nyingine hasikii kitu. Lakini kila ikiteleza inakwangua gegedu, na mwaka hadi mwaka goti linachakaa. Likilegea zaidi, hata ukano ulio ndani ya goti unaweza kukatika."

Upasuaji upo. Mfereji huchimbwa uwe na kina, na pale ukano wa pia unaposhikilia mfupa wa muundi huhamishwa ili mstari unyooke. Kwa daraja la 2 daktari hakutaka kuharakisha. Alitaka mbwa asinenepe, asiruke kutoka kwenye kochi, na vigae vya sebuleni vitandikwe mkeka asiteleze.

Shangazi alilitazama goti lake mwenyewe, lile ambalo limekuwa likingoja bima tangu sijui lini, akasema, "Basi tuko wawili." Akacheka peke yake.

Alipofungua mdomo

Nilidhani tumemaliza. Daktari akainua mdomo wa juu kwa kidole gumba, na pale palipopaswa kuwa na chonge moja palikuwa na mbili, zimebanana, moja nene na moja nyembamba kama sindano. Ile nyembamba ni jino la utotoni ambalo halikung'oka. Upande wa pili vilevile.

Mbwa mzima ana meno 42. Mbwa wa polisi mwenye taya refu kama mkono ana 42, na Simsim, ambaye pua yake yote haifiki urefu wa kidole changu cha kati, naye ana 42. Meno hayo lazima yapate pa kukaa. Yanapokosa nafasi yanapandana, chakula kinanasa katikati, ukoga unaganda, fizi zinavimba, na ugonjwa unateremka kwenye mizizi ambako jicho halifiki. Mbwa wadogo hupoteza meno mapema kuliko wakubwa kwa sababu hiyo, na jino la utotoni lililokwama huongeza msongamano. Ndiyo maana madaktari hushauri yang'olewe yakishaonekana yamekataa kutoka, kwa kawaida mbwa anapofikia kama miezi 6, mara nyingi siku ileile anapofungwa uzazi.

Shangazi akataka kujua kama yule kijana wa saluni ya mbwa hawezi kuyakwangua akiwa anamkata kucha. Daktari akasema jino likikwanguliwa juu litang'aa, na usaha utabaki chini ya ufizi palepale. Kusafisha kwa kweli kunataka nusukaputi, na picha ya eksirei ya meno pakiwezekana.

Ile pumzi nzito ya Simsim, ambayo familia nzima tumekuwa tukiiita harufu ya mbwa, haikuwa harufu ya mbwa.

Kikohozi

Jambo la tatu tulilitaja wenyewe, tena mlangoni tukitoka. Shangazi akasema, "Na hicho kikohozi chake ni baridi tu ya Julai, sivyo?"

Daktari akatuambia turudi ndani.

Simsim hukohoa akifurahi. Hukohoa bodaboda ikipita akaivuta kamba, hukohoa mtu akibisha hodi. Ni sauti kavu, ya kukoroma kwa nguvu, kama ya bata bukini. Mtoto wa jirani anaweza kuiiga vizuri kiasi kwamba Simsim mwenyewe hugeuka.

Bomba la hewa la mbwa limeshikiliwa wazi na pete za gegedu zenye umbo la herufi C. Kwa aina ndogo kama Maltese, Pomeranian, Chihuahua na Yorkshire Terrier, pete hizo zinaweza kulegea na bomba likabonyea kila hewa inapopita kwa nguvu. Mbwa mnene hupata shida zaidi. Moshi wa jiko humchokoza. Na kamba iliyofungwa kwenye kola ya shingoni humbana palepale penye udhaifu, ndiyo sababu mbwa hawa hufaa kuvalishwa mkanda wa kifuani.

Hayo aliyaeleza haraka, huku ameshaweka stethoskopu masikioni. Halafu akanyamaza. Akasikiliza upande wa kushoto wa kifua muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Kuna mnong'ono," akasema.

Kati ya chumba cha juu na cha chini upande wa kushoto wa moyo kuna vali. Ndiyo inayozuia damu isirudi nyuma. Kwa mbwa wadogo, hasa wanapozeeka, vali hiyo huwa nene na kujikunja, isifunge sawasawa, na damu inayovuja kurudi nyuma ndiyo inayotoa ule mnong'ono. Huo ndio ugonjwa wa moyo unaoongoza kwa mbwa. Mwenye nao anaweza kukaa miaka bila dalili yoyote. Wengine moyo hutanuka, wakaishia kujaa maji mapafuni.

Hapo kikohozi kikawa na maana mbili. Huenda ni bomba. Huenda ni moyo uliotanuka unaolisukuma bomba. Huenda ni yote mawili. Kwa masikio tu huwezi kujua. Inahitajika eksirei ya kifua, na bora zaidi picha ya mawimbi ya sauti inayoonyesha moyo ukifanya kazi.

Kuna habari njema moja ambayo daktari aliisema kwa uso uliochangamka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uitwao EPIC, ulifuata mbwa wenye vali mbovu na moyo uliokwisha kutanuka lakini ambao walikuwa bado hawajaanza kuugua. Waliopewa dawa ya pimobendani walichelewa kufikia hatua ya moyo kushindwa, au kifo kitokanacho na moyo, kwa kama miezi 15 kuliko wale ambao hawakuipata. Kwa mbwa hiyo ni sehemu kubwa ya uhai. Lakini dawa hiyo inafaa moyo ukiwa umetanuka kweli, haipewi kila mwenye mnong'ono. Kwa hiyo lazima upime kwanza.

Tulirudi nyumbani na kazi moja ya bure: kuhesabu pumzi zake akiwa amelala fofofo. Kwa dakika moja zisizidi 30. Zikianza kupanda usiku baada ya usiku, usingoje asubuhi ya Jumatatu. Shangazi, aliyesahihisha madaftari miaka yote ile, amelipokea zoezi hilo vizuri sana. Ana daftari lenye mistari, kalamu nyekundu, na safu ya "maoni".

Udogo wenyewe

Sasa niseme kilichokuwa kikinisumbua.

Goti, meno, bomba, moyo. Nilikuwa nikivitafuta kimoja kimoja usiku, na kila ukurasa ulianza kwa maneno yaleyale: huonekana zaidi kwa mbwa wadogo. Hakuna kati ya hivyo kilichoingia nyumbani kwa Shangazi kupitia dirishani. Vilikuja na Simsim mwenyewe. Goti lisilo na mfereji ni goti la mbwa aliyepunguzwa. Meno 42 katika mdomo wa sentimita chache ni meno ya mbwa aliyepunguzwa.

Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba sehemu moja ya jeni iitwayo IGF1 inachangia sana udogo wa mbwa wadogo. Mwaka 2022 kundi jingine likaikuta alama ya udogo hata kwenye masalia ya mbwamwitu (wolf, jamii ya mababu wa mbwa) aliyeishi kama miaka 54,000 iliyopita. Maana yake binadamu hakuuzua udogo. Aliukuta, akaupenda, akauchagua kizazi hadi kizazi hadi ukafika kwenye mapaja ya Shangazi. Kibaya ni kwamba anayechagua kimo hachagui kimo peke yake.

Nisiwaonee wafugaji, lakini. Mbwa wadogo kwa jumla huishi miaka mingi kuliko wakubwa, na mbwa wa kilo 50 ana balaa zake za nyonga na tumbo kujipinda. Na mbwa koko wa Nairobi hana afya bora kuliko Simsim kwa sababu tu hakuna aliyemchagulia mke. Kupe hawaulizi ukoo: wanaambukiza vijidudu vya damu, ehrlichia na babesia, kwa matajiri wa Karen sawa na mtaani Kariobangi, na mbwa wa aina yoyote ambaye fizi zake zimepauka ghafla anahitaji daktari siku hiyohiyo. Virusi vya parvo navyo vinaua watoto wa mbwa bila kuangalia vyeti.

Ila goti la mbwa koko likiwa bovu, hakuna aliyelilipia.

Nilipofika hapo ndipo nilipogundua kwamba mugithi haikuwa shida yangu tena. Shida ilikuwa Baba Trevor.

Baba Trevor

Baba Trevor wa ghorofa ya pili ana dume la Maltese. Tangu Desemba alikuwa akimweleza Shangazi hesabu yake: watoto watatu, wanne hivi, dume lachukua mmoja, wengine mwalimu anauza. Kila mmoja elfu arobaini. Shangazi si mtu wa tamaa, lakini pensheni ya ualimu naijua. Binti yake naye, kwenye simu ya video, alisema Simsim apate "hata mara moja" kuwa mama, tena atataka picha.

Mimi sikuwa na kura. Mbwa si wangu, fleti si yangu, na ni vigumu kumwambia mtu wa miaka sabini na ushei asipokee laki moja kwa sababu ya mfereji wa goti. Isitoshe nilikuwa na shaka zangu. Tatizo la pia ya goti hurithiwa, lakini si kwa jeni moja ambayo unaweza kuipima na kumaliza kesi. Mama mwenye goti bovu anaweza kuzaa watoto wenye magoti mazuri. Na tukikataa sisi, Baba Trevor atapata jike jingine kabla ya wiki kuisha. Tutakuwa tumemwokoa nani?

Nilimpigia daktari nikitumaini atatoa amri. Hakutoa. Alisema yeye hangemzalisha mbwa mwenye goti hilo na mnong'ono huo wa moyo, na kwamba mimba kwa mwili mdogo ina hatari ya ziada, kwani kitoto kimoja kikubwa kikikwama njiani ni upasuaji wa usiku. Kisha akasema, "Muulize mwenye dume kama ameangaliwa."

Nikampelekea Shangazi maneno hayo, naye akayachukua kama mwalimu wa zamu. Jumamosi, kwenye maegesho, mbele ya mimi na soja, akamwambia Baba Trevor amtembeze mbwa wake kutoka kwenye tangi la maji hadi kwenye ile Probox.

"Atembee kwa nini, mwalimu?"

"Nione magoti."

Baba Trevor akacheka mpaka akashika kiuno. "Mwalimu, hata mimi magoti yangu hayajawahi kupimwa, na nina watoto watatu."

Nilikuwa sina jibu. Bado naona ni hoja nzuri.

"Na hakuna aliyelipa elfu arobaini akuchukue," Shangazi akasema.

Dume lilitembea vizuri tu, kwa taarifa yenu. Miguu safi, mkia juu. Shangazi akalipongeza, akamshukuru mwenyewe, akamwambia jibu ni hapana. Nilimuuliza tukipanda ngazi kwa nini, maana mbwa wa watu amefaulu. Akasimama ghorofa ya kwanza kupumzisha goti. "Wa kwake amefaulu. Wangu ameanguka. Nitamuuzia mtu mtoto na nimwambie nini?"

Wanaonunua

Tangu hapo nimekuwa nikitazama kwa jicho jingine matangazo ya "tikapu", mbwa wanaodaiwa kuingia kwenye kikombe. Hakuna aina ya mbwa iitwayo hivyo. Maltese aliyekomaa, kwa vipimo vya shirikisho la kimataifa la FCI, anapaswa kuwa na kilo 3 hadi 4. Anayeuzwa kama mdogo kuliko hapo huwa ni dhaifu wa uzao, au ni mtoto aliyeachishwa ziwa mapema na kudanganyiwa umri, au ni mgonjwa. Katika aina hii wapo wanaozaliwa na mshipa wa damu unaoliruka ini, hivyo sumu za chakula hazichujwi. Mtoto wa namna hiyo hakui, hulewalewa baada ya kula, wengine hupata kifafa. Dukani anaonekana kama mwanasesere.

Kuna jambo ambalo kila anayechukua kitoto cha mbwa mdogo angeambiwa kabla hajatoa pesa: sukari yake hushuka haraka. Mwili hauna akiba. Akikosa mlo, akipigwa na baridi, akisafirishwa ndani ya kikapu kutwa nzima, analegea, anatetemeka, anaweza kuzirai. Mpake asali au glukosi kwenye fizi, usimmiminie kooni asije akapaliwa, mpashe joto, kisha mkimbize kwa daktari. Alishwe kidogo kidogo mara nyingi kwa siku. Na asiondoke kwa mama yake kabla ya wiki 8. Kwa hawa wadogo zaidi wafugaji makini hungoja hata wiki 12, nami nimewaona wakiuzwa pembeni ya barabara wakiwa macho yamefunguka juzi.

Foleni ya Simsim

Pesa sitaizungumzia sana. Gharama za moyo na meno zikijumlishwa zinapita karo ya muhula ya mtoto wa binamu yangu mmoja, na binamu huyo yumo kwenye kundi la familia, kwa hiyo Shangazi ametuagiza tufunge midomo. Binti atatuma nusu. Nusu nyingine imetoka mahali ambapo sijauliza.

Mpango ni huu. Kwanza picha ya moyo, kwa sababu hakuna anayetaka kumlaza kwa nusukaputi mbwa ambaye moyo wake haujaonekana. Ikiwa sawa, atalazwa mara moja: meno yasafishwe, chonge mbili za utotoni zing'olewe, na afungwe uzazi hapohapo. Goti litangoja. Kola imeshatundikwa, anavaa mkanda wa kifuani wa rangi ya chungwa. Biskuti za chai zimepigwa marufuku, ingawa nina sababu za kuamini kwamba marufuku hiyo haitekelezwi saa za taarifa ya habari.

Pumzi zake usiku, kwa mujibu wa daftari, ziko kati ya 18 na 24. Maoni: "Vizuri. Ongeza bidii."

Baba Trevor alipata jike Komarock. Wiki jana aliweka picha kwenye kundi la WhatsApp la ploti: watoto wanne weupe ndani ya beseni la bluu, "tikapu original, wahi wako". Mioyo myekundu ikamiminika. Shangazi, ambaye kwa kawaida huandika humo wakati maji yamekatika tu, akauliza: "Wana wiki ngapi? Na mama yao anatembeaje?"

Baba Trevor akajibu: "Njoo inboksi, mwalimu."